Kampuni ni mtu wa wapi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliorudi Salamabila, katika mkutano wa kujadili pendekezo la kuunda kampuni pamoja na mfanyabiashara wa dhahabu. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama wa Kasongo, Kabambare na Kalemie ambao hawakuweza kufika, na kwa ajili ya wafadhili wetu.)



Komiti imeniomba niseme juu ya yale makaratasi ya negosia. Wote mmeyaona. Yamepita mkono kwa mkono tangu juma lililopita, na mengine yamerudi na alama za mawese, dalili kwamba kuna watu waliyasoma hata wakiwa wanakula. Shida ni kwamba yameandikwa kwa Kifaransa, kurasa nyingine kwa Kiingereza, na pale penye maana kubwa ndipo herufi zimekuwa ndogo. Basi nitajaribu kuyafungua kwa Kiswahili chetu. Mimi si avoka. Nilisoma maendeleo ya vijijini, na kazi yangu ni kuzunguka kwa moto kati ya Kasongo, Kabambare na hapa, kuandika nani amerudi, nyumba gani imeezekwa, kisima gani kimekauka. Lakini kazi hiyo nayo inafundisha kusoma mikataba, maana mtu anayerudi kwao baada ya vita mara nyingi anakutana na karatasi kabla hajakutana na shamba lake.

Pendekezo lenyewe ni hili. Sisi tulete akiba ya chama, ile tuliyoikusanya kidogo kidogo katika likelemba zetu tangu watu walipoanza kurudi, pamoja na nguvu ya vijana wetu wachimbaji. Negosia alete mashine za kusaga mawe, pampu za maji na soko. Halafu sote tuwe ndani ya kampuni moja, na hiyo kampuni iandikishwe Delaware, huko Marekani. Alisema hapa, mbele yenu, kwamba inachukua siku mbili tu, kwa intaneti, bila mtu kupanda ndege. Kwamba kodi kule ni ndogo. Na kwamba hata makampuni makubwa kabisa ya dunia yameandikishwa palepale. Yote hayo, niseme wazi, ni kweli. Hakutudanganya hapo.

Siku ile mama mmoja aliuliza: "Sasa ile kampuni ni mutu wa wapi?" Watu walicheka. Mimi nadhani kwa swali hilo ametusaidia kuliko makaratasi yote.

Kampuni ni mtu wa karatasi. Sheria inampa jina, anwani, mali, haki ya kushtaki na kushtakiwa. Na kama mtu yeyote, ana kwao. Kwao ni pale alipoandikwa kitabuni, si pale anapofanya kazi. Anaweza kuzaliwa kisiwani, akachimba kilima cha Namoya maisha yake yote, akafa mahakamani katika nchi ya tatu. Mambo ya ndani ya nyumba yake, yaani nani anaamua, nani anagawa faida, mdogo akionewa na mkubwa aende kulia kwa nani, yote yanafuata sheria ya kule alikozaliwa.

Delaware ni jimbo dogo, moja ya yale madogo kabisa ya Marekani. Watu wake ni kama milioni 1. Makampuni yaliyoandikishwa humo yamepita milioni 2. Mnasikia? Watu wa karatasi ni wengi kuliko watu wa damu. Katika mji wa Wilmington kuna nyumba ya chini, isiyo hata na ghorofa, namba 1209 barabara ya North Orange. Mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa anwani ya makampuni zaidi ya 285,000. Hakuna anayefanya kazi humo kwa niaba ya makampuni hayo isipokuwa wakala wa kupokea barua.

Ilikuwaje? Mwanzoni si Delaware iliyokuwa mbele, ni jirani yake New Jersey. Mwishoni mwa karne ya 19 New Jersey ililegeza sheria zake, matajiri wakaja, ada zao zikajaza sanduku la serikali. Delaware ikaona, ikaandika sheria yake ya makampuni mwaka 1899 kwa kumfuata jirani. Mwaka 1913 gavana wa New Jersey, Woodrow Wilson, ambaye alikuwa anakwenda kuwa rais wa nchi, akakaza sheria za jimbo lake dhidi ya makampuni makubwa. Makampuni yakafunga virago, yakavuka mto kuingia Delaware. Tangu hapo Delaware inaishi kwa kazi hiyo: zaidi ya robo ya mapato ya serikali ya jimbo inatoka katika ada na kodi za watu wa karatasi.

Tusidhani wanakwenda kwa sababu ya kodi tu. Wanafuata mahakama. Ipo mahakama moja inayoitwa Court of Chancery, iliyoanzishwa mwaka 1792, ambayo kesi za makampuni zinaamuliwa na majaji waliobobea, bila baraza la raia, na kila hukumu inaandikwa kwa maelezo marefu. Avoka akiulizwa "tukifanya hivi, jaji atasema nini?" anafungua hukumu za miaka mia na kitu na anakupa jibu lenye uzito. Kwa sisi ambao tunajua kesi ya shamba inavyoweza kukaa hadi mashahidi wote wamezikwa, hilo si jambo la kudharau. Natamani jimbo letu la Maniema lingekuwa na majaji wa namna hiyo kwa kesi za madini.

Na mahakama hiyo inaweza hata kumsikiliza mdogo. Mwaka 2018 mwanahisa mmoja wa Tesla, kampuni ya magari ya umeme ya Elon Musk, mwenye hisa 9 tu, alishtaki kwamba malipo aliyopewa Musk yalipitishwa na wakurugenzi waliokuwa watu wake. Mwezi wa kwanza 2024 jaji alikubaliana naye, akabatilisha malipo ya karibu dola bilioni 56. Mtu wa hisa 9! Kesi ile iliendelea kupanda hadi mahakama ya juu ya jimbo, lakini kwetu tazameni kilichotokea pembeni yake. Musk alikasirika. Mwezi wa sita 2024 wanahisa walipiga kura, Tesla ikahama kwao, ikawa mtu wa Texas. Wengine wakaanza kusema nao watahama. Na mwezi wa tatu 2025 serikali ya Delaware ikabadilisha sheria yake haraka, ikalegeza kamba zinazowabana wenye makampuni wakubwa, wasije wakakimbia.

Hapo ndipo mnaona hasa nani mteja. Mwenye uwezo wa kuhama anasikilizwa. Kampuni kubwa inaweza kuchagua kwao leo Delaware, kesho Texas, kesho kutwa Nevada, na serikali zinashindana kumpendeza. Sisi tulipohama hapa hatukuchagua, tulikimbia risasi. Na tuliporudi hakuna serikali iliyotubadilishia sheria ili tusiondoke tena.

Sasa tufike kwenye karatasi yetu. Ile kampuni anayotaka negosia si ya namna ya Tesla. Ni ile wanayoiita LLC, kampuni ndogo yenye dhamana ya mpaka. Katika namna hiyo, sheria ya Delaware inasema mkataba ndio mfalme: wenye kampuni wakishaandika wenyewe namna ya kuishi, mahakama inaheshimu maandishi yao. Inaruhusiwa hata kuandika kwamba msimamizi hana wajibu wa uaminifu kwa wenzake. Katika kampuni ya kawaida huwezi kuufuta wajibu huo hivihivi, lakini katika LLC unaweza, ukibakiza tu ule msingi mdogo wa kutotumia mkataba kwa hila. Na fungueni ukurasa wa 6 wa makaratasi yetu. Imeandikwa pale, kwa Kiingereza, kwamba msimamizi ni negosia peke yake, na kwamba "majukumu yote ya uaminifu yanaondolewa kadiri sheria inavyoruhusu". Yaani ile kamba ambayo mtu wa hisa 9 aliishika hadi mbele ya jaji, sisi tunaombwa tuikate kwa sahihi yetu siku ya kwanza.

Ukurasa wa 9 unasema ugomvi wowote utasikilizwa Delaware peke yake. Kampuni au chama hakiwezi kusimama kule chenyewe, lazima kiwakilishwe na avoka mwenye ruhusa ya kule. Gharama yake kwa siku chache inaweza kula akiba yetu yote. Na jina la mwenye kampuni halilazimiki kuonekana katika karatasi za kuiandikisha, kwa hiyo kesho negosia akiuza sehemu yake kwa mtu mwingine, hatutajua tumeoana na nani.

Wengine watasema: huyu anaogopa kitu cha mbali. Hapana. Salamabila imekwisha kuonja, wala si mara moja.

Wazee wanakumbuka SOMINKI. Ilizaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Wabelgiji, Leta ikiwa na asilimia 28. Mwaka 1996 Banro ya Kanada ilinunua zile 72 nyingine. Mwaka 1997 ikazaliwa SAKIMA badala yake: asilimia 93 za Banro, 7 za Leta. Na mwezi wa saba 1998 Mzee Laurent-Désiré Kabila, kwa dekrée, akaivunja SAKIMA na kuweka kampuni ya serikali. Vita ya pili ikaanza siku chache baadaye. Sisi huku tulikuwa tunakimbia. Karatasi nazo zilikuwa zinakimbia kwa njia zao.

Banro ilikwenda kushtaki Washington, kwenye baraza la usuluhishi wa wawekezaji lililo chini ya Benki ya Dunia. Shida ilikuwa hii: Kanada wakati ule haikuwa imeingia katika mkataba wa baraza hilo. Kwa hiyo aliyesimama kushtaki, pamoja na SAKIMA, alikuwa binti wa Banro aliyezaliwa Marekani, Banro American Resources, ambaye alikuwa amehamishiwa hisa. Tarehe 1 mwezi wa tisa 2000 wasuluhishi walisema hapana: aliyefanya mkataba na Kongo ni Mkanada, huwezi kubadilisha nguo mlangoni ili uingie. Mimi naipenda hukumu hiyo, nakiri, kwa sababu kwa mara moja swali la mama yetu liliulizwa na watu wenye tai: kampuni hii ni mtu wa wapi?

Lakini haikusaidia kitu huku chini. Mwezi wa nne 2002 serikali ya Kinshasa ilipatana na Banro nje ya mahakama. Kasiterite ikarudi kwa Leta. Dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya ikaenda kwa Banro, asilimia 100, pamoja na msamaha wa kodi wa miaka 10. Zile 7 za Leta upande wa dhahabu zikaisha hapo. Ndipo ikazaliwa Namoya Mining, mtoto wa Kongo kwa karatasi. Mama yake alikuwa kampuni ya kisiwa cha Barbados, na bibi yake alikaa Toronto, ambako hisa zake zilikuwa zinauzwa sokoni. Vilima vya Mwendamboko, Kakula, Muviringu, ambavyo babu zetu walivitaja kwa lugha yetu, vilikuwa na ukoo wa namna hiyo. Mwaka 2013 mgodi ulitoa dhahabu ya kwanza. Wachimbaji wetu wakatolewa vilimani, malalamiko yakaanza, na mnajua wote jinsi malalamiko yalivyokuja kuchukua bunduki. Sitarudia hayo, kuna watoto hapa.

Kampuni ilikopa. Ilikopa hadi kuuza mapema dhahabu iliyokuwa bado chini ya ardhi. Tarehe 22 mwezi wa 12 mwaka 2017 iliomba ulinzi dhidi ya wanaoidai, na iliombea wapi? Si Kindu. Katika mahakama ya Ontario, Toronto. Mwaka 2018 wadai wakubwa, mfuko wa fedha wa Marekani uitwao Gramercy na kampuni ya Baiyin ya China, walibadilisha madeni yao kuwa umiliki, na Banro ikahama kwao tena, safari hii ikawa mtu wa visiwa vya Cayman. Mchimbaji aliyetolewa Mwendamboko si mdai mbele ya juji wa Ontario, hata kama yeye mwenyewe anajihesabu hivyo kila asubuhi. Mwezi wa tisa 2019 ikatangazwa kwamba kazi Namoya inasimama kwa sababu ya nguvu kubwa isiyozuilika, na tangu hapo mgodi umepita katika mikono mingine.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu wafadhili wetu mara nyingi wanatuuliza: "Kwa nini watu wa Salamabila hawaamini makampuni?" Wengine wanadhani ni ujinga au uchochezi. Mtu ambaye jirani yake amebadilisha kwao mara tatu au nne bila kuhamisha hata tingatinga moja ana haki ya kuuliza kitambulisho.

Lakini nisiwachanganye. Kuna sheria mbili. Sheria ya kuzaliwa kwa kampuni inahama nayo. Sheria ya ardhi haihami. Kode ya madini ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inashika kila anayechimba Kongo, awe wa Delaware, wa Cayman au wa Kasongo. Inasema mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5, na katika kila franka 100 za mrabaha, 25 ni za jimbo na 15 ni za sekta au shefferi ambamo mgodi uko. Inasema kampuni itoe 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na isaini na jamii hiyo daftari la ahadi, lile tunaloita kaye de sharje. Hizo ni pesa za kudai hapahapa, kwa kiongozi wa sekta, kwa barua yenye kashe, bila kuvuka bahari. Naona sisi tunapoteza nguvu nyingi kulaani Toronto na hatuna hata nakala ya hesabu za sekta yetu.

Na kode hiyohiyo inamkwamisha negosia wetu. Uchimbaji wa mikono ni wa Wakongomani watupu, wenye kadi, walio ndani ya ushirika uliokubaliwa na wizara ya madini, na katika eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. LLC ya Delaware haiwezi kupata ruhusa hiyo. Basi kwa nini anaitaka? Nilimuuliza kwa simu. Alisema ni kwa ajili ya akaunti ya benki na wanunuzi wa nje. Inawezekana. Lakini maana yake kwa mchimbaji ni kwamba kazi na hatari zitabaki hapa kwa jina letu, na hesabu ya faida itafanyika katika kitabu kilichoko kule. Siku maafisa wa madini wakija, watatukuta sisi shimoni. Anwani ya Wilmington haishikwi na askari.

Sasa, je, sisi tuna nini? Chama chetu ni asbl, chini ya sheria ya 2001, na asbl hairuhusiwi kugawia wanachama faida. Hivyo hata tukikataa pendekezo, chama chenyewe hakiwezi kuuza dhahabu na kugawana. Watu waliosema "tufanye tu kwa jina la chama" wanatuelekeza penye shimo lingine.

Njia iliyopo ni ushirika wa OHADA. Nchi yetu iliingia OHADA tarehe 12 mwezi wa tisa 2012, ikawa ya 17. Kabla ya hapo tulikuwa bado tunatumia dekrée ya makampuni ya mwaka 1887, ya wakati wa mfalme Leopold, ambayo kampuni kubwa ya hisa ilihitaji ruhusa ya mkuu wa nchi ili izaliwe. Ndiyo maana mliona herufi nyuma ya Namoya Mining zimebadilika kutoka SARL kuwa SA: si wenyewe waliobadilika, ni sheria. Katika OHADA kuna kitendo maalumu cha ushirika, kilichopitishwa Lomé tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2010. Watu 5 wanatosha kuanzisha ushirika wa namna rahisi, 15 kwa ule wenye baraza la utawala. Na kila mwanachama ana sauti moja. Aliyeleta dola 10 na aliyeleta dola 1,000 wanapiga kura sawasawa. Linganisheni na ukurasa wa 6.

Msinielewe vibaya, hata huku hakuna peponi. Mahakama za biashara ziliundwa kwa sheria ya 2001, na pale ambapo hazijafika, kesi inakwenda kwenye mahakama kuu ya eneo. Kwetu hiyo ni safari ya siku kadhaa, na wakati wa mvua ni safari ya kuomba Mungu. Ukikata rufaa hadi mwisho katika mambo ya OHADA, mahakama ya juu iko Abidjan. Ndiyo, Côte d'Ivoire! Na sisi tunayo Delaware yetu ya mbali. Ila juji wa kwanza, yule anayesikia mashahidi, anaweza kufikiwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na anasikia Kiswahili.

Wenzetu wa Tanzania walikuwa na ugomvi kama wetu, mkubwa zaidi. Mwaka 2017 walitunga sheria kwamba mambo ya mali asili yao yasipelekwe kuamuliwa katika mahakama za nje, na mwezi wa kwanza 2020 walisaini na Barrick ya Kanada kuunda Twiga Minerals, serikali ikiwa na asilimia 16 na makao yakiwekwa Mwanza. Wapo wanaosema walipata kidogo kuliko walichodai. Mimi naona makao kuwekwa Mwanza ni jambo lenye thamani yake: ukitaka kugonga mlango, mlango upo.

Sasa maoni yangu, na mtayapinga mkitaka. Tusisaini hivi ilivyo. Tuandikishe kwanza ushirika wetu, kwa majina yetu, halafu ushirika huo ndio ufanye mkataba na negosia: atukodishe mashine kwa bei iliyoandikwa, anunue dhahabu kwa kipimo kinachoonekana na wote, na ugomvi ukitokea usikilizwe katika jimbo letu. Kampuni yake ya Marekani abaki nayo kwa wanunuzi wake, hiyo ni nyumba yake, hatuingilii. Akiba ya likelemba isiingie humo hata franka moja mpaka mkutano huu uitwe tena.

Kwa wafadhili, ombi ni dogo na halipendezi kupigwa picha. Mwaka jana tulipata fulana, na tunashukuru, zinavaliwa. Mwaka huu tungependa avoka, kwa siku 10, wa kusoma nasi na kuandika masharti ya ushirika, pamoja na nauli ya watu 2 kufuatilia ruhusa Kindu na Kinshasa. Kukubaliwa na wizara kunachelewa, na asiyefuatilia anasahauliwa.

Mzee wetu hapa mbele ameuliza kabla sijamaliza: "Na kama negosia akikataa, akaondoka na mashine zake?" Basi ataondoka nazo, Mzee, na vijana wataendelea na nyundo na bakuli kwa miezi mingi, na wengine watamfuata yeye au mwingine kama yeye. Siwezi kuwaficha hilo. Na eneo lililotengwa kwa wachimbaji haliwezi kuwekwa juu ya kibali cha mgodi wa kampuni, kwa hiyo itatubidi kutafuta mahali pengine, mbali kidogo na vilima mnavyovijua.

Nilimpelekea negosia mambo matatu kwa maandishi: aondoe ukurasa wa 6, abadilishe mahakama ya ukurasa wa 9, na aandike majina ya wote walio nyuma yake. Juzi usiku alijibu. La mahakama amekubali kulijadili. La ukurasa wa 6 amesema atamuuliza avoka wake. La majina hakulijibu. Barua yake iko kwa sekretari, pamoja na tafsiri ya Kiswahili ya kurasa zote, na Jumamosi saa tatu asubuhi tutaisoma kifungu kwa kifungu hapahapa. Wenye miwani waje nayo.